Kuvuna maji ya mvua miteremkoni: Funzo la mizeituni kwa wakulima wa Kachibora

Kila mwaka, mvua kubwa inaponyesha katika milima ya Cherangany, maji mengi hushuka kwa kasi kupitia mashamba yanayozunguka mji wa Kachibora katika Kaunti ya Trans Nzoia. Maji hayo huchukua udongo wa juu pamoja na mbolea, huingia katika vijito vinavyolisha Mto Nzoia na hatimaye hufika Budalang'i katika Kaunti ya Busia, ambako mafuriko yamewahamisha wakazi mara nyingi. Miezi michache baadaye, kati ya Desemba na Februari, mkulima yule yule aliyeyaona maji yakipita shambani mwake hulazimika kubeba maji mtoni ili kuokoa michanganyiko ya parachichi au kahawa aliyoipanda.

Hali hii si ngeni ulimwenguni. Katika nchi kavu za kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, wakulima wa mizeituni walikabiliana nayo tangu zamani kwa kuyakinga maji yatiririkayo miteremkoni na kuyaelekeza kwenye shina la mti. Maarifa yao yanaweza kumfaa mkulima wa Trans Nzoia, mradi ayatumie kwa kuzingatia mvua, udongo na mteremko wa kwao.

Asili ya maarifa haya

Nchini Tunisia, katika eneo la Sousse, kuna mashamba ya mizeituni yanayotegemea mfumo uitwao meskat. Sehemu ya juu ya mteremko huachwa bila kulimwa ili ikinge mvua, na sehemu ya chini, iliyozungushiwa matuta madogo, hupandwa mizeituni. Kwa kawaida eneo la kukinga huwa maradufu ya eneo lililopandwa miti. Kwa njia hiyo mizeituni hustawi mahali ambapo mvua ya mwaka ni kati ya milimita 200 na 400 pekee.

Kusini zaidi, katika milima ya Matmata, wakulima hujenga kuta za udongo na mawe kukatiza mabonde madogo. Mfumo huo huitwa jessour. Kila ukuta huzuia maji pamoja na udongo uliochukuliwa na maji hayo, na baada ya miaka mingi nyuma yake hutokea kishamba tambarare chenye udongo wa kina. Hapo ndipo hupandwa mizeituni, mitini na mitende.

Katika jangwa la Negev nchini Israeli, ambako mvua ni takriban milimita 100 kwa mwaka, mtaalamu wa mimea Michael Evenari na wenzake walilifufua shamba la kale la Avdat kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Walionyesha kwamba maji ya mafuriko mafupi yakikusanywa kutoka eneo kubwa na kuelekezwa kwenye eneo dogo, miti ya matunda huweza kukua bila kumwagiliwa kwa njia nyingine. Kutokana na kazi za aina hiyo ulienea mfumo wa vijishamba vyenye umbo la almasi, maarufu kama negarim, ambapo kila mti huwa na eneo lake dogo la kukinga maji na shimo la kuyapokea kwenye pembe ya chini.

Kenya nayo ina historia yake. Upande wa pili wa milima ya Cherangany, Wamarakwet wamekuwa kwa karne nyingi wakiteremsha maji kwa mifereji kutoka mlimani hadi Bonde la Kerio, na zamu za maji hugawanywa kwa mujibu wa koo. Huko Ukambani ulikomaa mtindo wa matuta ya "fanya juu", ambao jina lake la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha nyingi. Mnamo 1974 serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji kwa msaada wa Uswidi, nao ukaeneza matuta hayo katika wilaya nyingi. Aidha, shirika la Vi Agroforestry la Uswidi lilianza kazi yake ya upandaji miti katika eneo la Pokot Magharibi mwaka wa 1983.

Ikumbukwe kuwa kazi hii haikupendwa nyakati zote. Wakati wa ukoloni matuta yalichimbwa kwa shuruti, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake wa Murang'a walikataa hadharani kuendelea nayo. Uzoefu wa baadaye umeonyesha kwamba matuta hudumu pale ambapo mkulima mwenyewe anaona faida yake.

Mizeituni na Kachibora

Mzeituni wa porini ni mti wa asili katika nyanda za juu za Kenya. Wakikuyu huuita mutamaiyo, Wamaasai huuita oloirien na miongoni mwa Wakalenjin hujulikana kama emitiot. Mti huu huvumilia ukame na hukua hata kwenye miteremko yenye mawe. Wamaasai hutumia vijinga vyake kufukiza vibuyu vya maziwa.

Hata hivyo, mzeituni unaozalisha mafuta ya kupikia ni jamaa yake wa nchi za Mediterania. Huo huhitaji majira ya baridi ili uchanue maua vizuri, majira ambayo hayapatikani kikamilifu karibu na ikweta. Kwa sababu hiyo, jambo la kuiga kutoka Tunisia si mti wenyewe bali namna ya kuutunzia maji. Mimea inayolengwa katika eneo la Kachibora ni ile ambayo wakulima wameanza kuipanda kando ya mahindi: parachichi, kahawa, makadamia, ndizi na miti ya malisho.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Trans Nzoia hupata mvua ya takriban milimita 1,000 hadi 1,200 kwa mwaka, na sehemu zilizo karibu na milima hupata zaidi. Mvua hiyo hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi au Aprili hadi Oktoba au Novemba. Kwa hivyo, shida ya mkulima wa Kachibora si uchache wa mvua bali ni mgawanyo wake. Maji huzidi mwezi wa Agosti na kukosekana mwezi wa Januari.

Tofauti hii hubadilisha mpango mzima. Katika nchi kavu, eneo kubwa huachwa tupu ili litiririshe maji kuelekea mti mmoja. Huku Kachibora hakuna haja ya kuacha ardhi tupu, na kufanya hivyo kungeleta mmomonyoko. Panahitajika mambo matatu: kupunguza kasi ya maji ili udongo usiondoke, kuhakikisha mvua za mwisho za Oktoba na Novemba zinapenya ardhini badala ya kupotea, na kuhifadhi sehemu ya ziada katika vidimbwi kwa matumizi ya kiangazi.

Hesabu ya maji

Mkulima anaweza kukadiria maji yake bila vifaa vya gharama. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya kawaida kwa alasiri moja ya msimu, huleta takriban lita 80,000 katika ekari hiyo. Ikiwa robo ya maji hayo itatiririka badala ya kupenya, lita 20,000 zitakuwa zimeondoka shambani kwa siku moja.

Paa nalo lisisahauliwe. Paa la mabati lenye mita za mraba 50, katika eneo lenye mvua ya milimita 1,000, hupokea lita 50,000 kwa mwaka. Hata baada ya kutoa hasara ya moja kwa tano, hubaki lita 40,000. Maji ya paa hayana tope na hufaa zaidi kwa matumizi ya nyumbani na mifugo, ilhali yale ya shambani huachiwa miti.

Kupima mteremko

Kazi yoyote ya kukinga maji huanza kwa kutafuta mistari ya kontua, yaani mistari inayopita sehemu zenye kimo sawa. Kifaa rahisi ni fremu yenye umbo la herufi A. Miti miwili yenye urefu wa mita mbili hufungwa pamoja juu, kisha mti wa tatu hufungwa kukatiza katikati. Uzi wenye jiwe mwishoni huning'inizwa kutoka kileleni.

Kwanza fremu husimamishwa, na mahali uzi unapogusa mti wa katikati hutiwa alama. Kisha miguu ya fremu hubadilishana nafasi na alama ya pili hutiwa. Nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Baada ya hapo fremu hutembezwa shambani hatua kwa hatua, kigingi kikichomekwa kila mahali ambapo uzi unatulia kwenye alama ya usawa. Vigingi hivyo ndivyo vinavyoonyesha kontua.

Mteremko nao hupimwa kwa asilimia. Ardhi ikishuka mita 15 katika umbali wa mita 100, mteremko wake ni asilimia 15. Kanuni za matumizi ya ardhi zilizotungwa mwaka wa 1965 chini ya Sheria ya Kilimo ya wakati huo zilitaka ardhi yenye mteremko unaozidi asilimia 12 ikingwe dhidi ya mmomonyoko kabla ya kulimwa, na zilikataza kilimo pale mteremko unapozidi asilimia 35. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya za kilimo za mwaka wa 2013, lakini vipimo hivyo vingali mwongozo mwema kwa mkulima.

Matuta ya fanya juu

Katika mtindo huu mtaro huchimbwa juu ya mstari wa kontua, kwa kawaida ukiwa na upana na kina cha sentimita 60, na udongo hurushwa upande wa juu ili ufanye tuta. Udongo unaosombwa na mvua hujikusanya nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba huanza kuwa na ngazi. Mtindo wa "fanya chini", ambapo udongo hurushwa upande wa chini, ni mwepesi kwa mchimbaji lakini huchelewa kuunda ngazi.

Umbali kati ya tuta na tuta hutegemea mteremko. Kanuni inayotumiwa sana nchini ni kugawanya asilimia ya mteremko kwa nne, kuongeza mbili, kisha kuzidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo, kwa mita, kati ya matuta mawili. Kwa mteremko wa asilimia 10 kimo hicho ni mita 1.35, sawa na umbali wa mita 13.5 shambani. Kwa asilimia 15 umbali ni takriban mita 11.5, na kwa asilimia 20 ni mita 10.5.

Tuta lisiachwe tupu. Nyasi za nepia au za aina nyingine zikipandwa juu yake, mizizi hushika udongo na majani hulisha ng'ombe. Ndizi hustawi ndani ya mtaro wenyewe kwa kuwa hupenda unyevu mwingi.

Vijituta vya mwezi mchanga

Kwa miti ya matunda, kila mti waweza kutengenezewa kijituta chenye umbo la mwezi mchanga upande wa chini wa mteremko, ncha zake zikielekea juu. Kijituta hicho hukinga maji yanayoshuka na kuyapa muda wa kupenya. Vijituta vya safu moja hupangwa kupishana na vya safu inayofuata, ili maji yanayopita kati ya viwili vya juu yapokewe na kimoja cha chini.

Hapa pana tahadhari muhimu. Mparachichi hauvumilii maji yaliyotuama. Mizizi yake ikikaa ndani ya maji, hushambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa kuoza unaosababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, na mti uliougua ni nadra kupona. Mzeituni nao una udhaifu kama huo. Kwa hiyo, mti upandwe juu ya kichuguu cha udongo na si ndani ya shimo la kukusanyia maji; maji yapenye kando yake, mahali ambapo mizizi itayafuata.

Msimu unapoelekea kwisha, mabua ya mahindi, majani makavu au nyasi zilizokatwa hutandazwa kuzunguka mti bila kugusa shina. Matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi ya mparachichi hukaa karibu na uso wa ardhi, hatua hii ndogo huweza kuamua iwapo mche wa mwaka wa kwanza utafika Machi ukiwa hai.

Kidimbwi cha shambani

Maji ambayo udongo umeshindwa kuyapokea huweza kuelekezwa kwenye kidimbwi. Kidimbwi chenye mita 10 kwa 10 juu, mita 6 kwa 6 chini na kina cha mita 2 hubeba takriban lita 130,000. Jua la kiangazi huweza kufyonza kati ya lita 35,000 na 40,000 kwa miezi mitatu. Miche 100 ikipewa lita 20 mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 13, itatumia lita 52,000. Bado yatabaki maji ya kutosha kwa bustani ya mboga, mradi chini pawe pametandikwa plastiki ngumu au udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri ili maji yasivuje.

Kabla ya maji kuingia kidimbwini, yapite kwenye shimo dogo la kunasa tope, nalo lizolewe baada ya kila mvua kubwa. Mlango wa maji ya ziada ni wa lazima, na njia yake ioteshwe nyasi. Kidimbwi pia kizungushiwe ua imara wenye lango linalofungwa. Kingo za plastiki huteleza, na mtoto au ndama akitumbukia ni vigumu kutoka. Kamba yenye mafundo iliyofungwa kwenye nguzo na kuachwa ikining'inia majini inaweza kuokoa maisha.

Anayekusudia kujenga bwawa kubwa au kukatiza kijito anapaswa kwanza kutafuta kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016.

Mahali ambapo maji hayafai kuzuiwa

Si kila mteremko unaofaa kukingwa maji. Mnamo Novemba 2019 maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40. Mnamo Novemba 2025 maporomoko mengine yalitokea Chesongoch, Elgeyo Marakwet, na kuua zaidi ya watu 20. Sehemu zote hizo ziko katika nyanda zinazopakana na milima ya Cherangany.

Udongo uliojaa maji huwa mzito na hupoteza nguvu ya kujishikilia. Katika mteremko mkali, hasa wenye udongo haba juu ya mwamba, mtaro uliozibwa ncha zote mbili huweza kuongeza hatari hiyo. Dalili za kuangaliwa ni nyufa ardhini, miti au nguzo za ua zinazoanza kuinama, na chemchemi mpya zinazobubujika mahali palipokuwa pakavu. Zikionekana, mitaro ya kuzuia maji isichimbwe. Badala yake maji yaondolewe taratibu kwa mtaro wenye mwinamo mdogo, usiozidi asilimia moja, hadi kwenye mkondo wa asili uliooteshwa nyasi, na eneo lenyewe liachiwe miti. Wanaoishi chini ya mteremko kama huo wapaswa kuarifu wakuu wa eneo na kuhama mvua inapozidi.

Makubaliano ya majirani

Mengi ya mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi wakubwa kabla ya Uhuru, na baadaye yakagawanywa vipande vipande. Mipaka ya vipande hivyo haikufuata kontua. Mara nyingi ua hushuka moja kwa moja na mteremko, na trekta hulima kwa kuufuata, hivyo kila mfuo huwa mfereji wa kupeleka udongo mtoni.

Kwa sababu hiyo, matuta ya mkulima mmoja hayatoshi. Maji yaliyoelekezwa nje ya shamba la juu huingia shamba la chini, na mtaro usio na mwisho mwema huweza kuzua ugomvi mbele ya chifu. Njia iliyo bora ni majirani wa mteremko mmoja kupima kontua kwa pamoja, kukubaliana mahali mkondo wa maji utakapopita, na kuanza kazi kutoka juu kuelekea chini. Tuta la chini likijengwa kwanza, mvua kubwa ya kwanza hulivunja kwa kuwa hakuna kilichopunguza nguvu ya maji huko juu.

Wakati ufaao ni Januari na Februari, mavuno ya mahindi yakiwa yamekamilika na kabla ya mvua kuanza. Mitaro ikaguliwe tena baada ya mvua mbili tatu za kwanza, kwani ndipo kasoro huonekana: palipobomoka pajazwe, palipojaa tope pazolewe. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa mteremkoni, ufa wa leo katika tuta ndio korongo la mwaka ujao, na udongo uliokwisha kufika Budalang'i hauwezi kurudishwa Kachibora.